Gari Linachemsha Porini: Kipi cha Kushuku, na Uanze na Kipimo Gani

Gari la porini likichemsha, kila aliye karibu ana jina la kipuri mdomoni. Huyu themostati, yule rejeta, na hakosekani wa kutamka "gasketi ya hedi" kwa sauti ya hakimu anayesoma hukumu. Yeyote kati yao anaweza kuwa amepatia, kwa sababu dashibodi inaonyesha dalili moja tu: mshale umepanda. Kinachotenganisha hitilafu moja na nyingine ni lini mshale unapanda, gari likiwa linafanya nini, na unashuka ukifanya nini. Kwa hiyo hapa sitapanga vipuri kimoja kimoja kama katalogi. Nitavilinganisha viwili viwili, vile ambavyo watu huvichanganya, kisha nivilinganishe vipimo vyenyewe, maana kila kipimo kina mahali kinaposema kweli na mahali kinapodanganya.

Kwa makadirio ya kawaida, karibu theluthi ya nishati ya mafuta unayochoma huishia kwenye mfumo wa kupoza, kiasi kama hicho hutoka na moshi, na kinachobaki ndicho kinachosukuma gari. Kwenye lami, kasi ya kilomita 80 kwa saa, upepo unapita kwenye rejeta bila feni kujisumbua. Kwenye mchanga laini, gari liko 4L (gia nzito ya magurudumu manne), injini inazunguka mara 3,000 kwa dakika na gari lenyewe linakwenda kama mtu anayetembea. Joto ni lile lile au zaidi, upepo wa bure haupo. Hivyo mfumo uliochoka kidogo unaweza kukaa miaka kwenye lami bila kujulikana, ukaumbuka siku ya kwanza mchangani. Kauli ya "mbona mjini halina shida" haimtakasi mshukiwa yeyote.

Polepole au mwendo kasi?

Hili ndilo swali la kwanza, na halihitaji hata spana. Kama joto linapanda gari likienda polepole au likisimama huku injini inawaka, kisha linashuka ukipata barabara nzuri na upepo, tatizo liko upande wa hewa: feni, klachi ya feni, mkanda, kava linalozunguka feni, au uchafu uliojaa mbele ya rejeta. Kama polepole halina neno ila joto linapanda kwenye mwendo kasi au mlima mrefu, shuku upande wa maji: rejeta iliyoziba ndani, pampu iliyoliwa mapanga, themostati (mlango unaoachia maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto) inayofunguka nusu, mpira wa chini unaonyonywa ukabonyea injini ikizunguka kwa nguvu. Na kama linachemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, polepole au kasi, basi kuna hewa ndani ya mfumo, maji yamepungua, themostati imegoma kufunguka, au gasketi ya hedi, ile pakingi iliyo kati ya hedi na bloku ya injini, inapitisha gesi.

Mgawanyo huu una mpaka wake. Tope lililokauka kwenye mapezi ya rejeta linaumiza kote kuwili, maana hata upepo wa mwendo kasi haupiti ukutani. Na mlima mrefu unaopandwa taratibu kwa 4L ni mtihani wa hewa na maji kwa pamoja, hautenganishi kitu. Ukitaka jibu safi, tafuta hali mbili zilizo mbali: gari limesimama likinguruma kwa dakika ishirini, na gari likikimbia sehemu tambarare. Zilinganishe hizo.

Geji ya dashibodi au skana?

Geji nyingi za kiwandani zimefanywa ziwe tulivu makusudi. Mshale unakaa katikati maji yakiwa nyuzi 80 za Selsiasi, unabaki hapo hapo yakiwa 100, na unapoanza kusogea tayari umechelewa. Dereva anaridhika, injini inaungua. Skana inayochomekwa kwenye tundu la OBD-II, la kuzungumza na kompyuta ya gari, inasoma namba halisi ya sensa. Tundu hilo lipo kwenye magari yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli za 1996, na kwenye magari ya petroli ya Ulaya kuanzia 2001. Skana ndogo ya Bluetooth yenye programu ya simu inatosha. Mashine kubwa ya karakana haikuongezei kitu kwa kazi hii.

Skana inashinda kwa mbali kwa sababu inakupa mwendo wa joto, kupanda na kushuka, nyuzi kwa nyuzi. Utaona themostati ikifunguka: joto linafika 88, linashuka kidogo, linatulia. Utaona feni ikishika kazi. Misimbo ya hitilafu nayo inasaidia: P0128 husema injini haifikii joto inalotakiwa, mara nyingi themostati imekwama wazi au haipo kabisa, P0217 husema injini imepita kiwango cha joto.

Ila skana na geji wana udhaifu mmoja unaowaua wengi. Sensa hupima vizuri ikiwa imezama kwenye maji. Maji yakiisha, inabaki kwenye mvuke au hewa, na namba inaweza kushuka au kutulia wakati chuma kinaungua. Namba inayoshuka ghafla bila sababu, huku nguvu ya injini inapungua, isikufurahishe. Zima. Kwa gari la dizeli la zamani lisilo na kompyuta, geji ya ziada yenye sensa yake ni bora kuliko kuiamini ya dashibodi, na kengele ya kupungua kwa maji, inayofungwa sehemu ya juu ya mfumo, ni bora kuliko geji zote mbili. Kama ningelazimika kuchagua kifaa kimoja cha kuongeza kwenye gari la zamani, ningechagua kengele hiyo.

Feni mbovu au rejeta iliyozibwa nje?

Hawa wawili wana dalili zinazofanana kabisa: gari linachemsha polepole, linapoa likikimbia. Wengi hununua klachi ya feni kumbe kulikuwa na udongo.

Anza na udongo, kwa kuwa ni bure. Kosa la kawaida ni kuchungulia mbele tu, ukaona kondensa ya kiyoyozi iko safi, ukaridhika. Uchafu hukaa katikati, kati ya kondensa na rejeta, mahali ambapo mbegu za nyasi, wadudu na tope hujishindilia hadi kuwa kama godoro. Mulika kwa tochi kutoka upande wa feni. Usipoona mwanga ukipenya, jibu umepata. Osha kutoka upande wa injini kwenda mbele, kinyume cha njia ya upepo, kwa maji ya presha ndogo. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu inalaza mapezi, na pezi lililolala linazuia hewa kama tope lenyewe. Angalia pia ulichokifunga mwenyewe: taa kubwa za mbele, winchi, bampa la chuma. Vyote vimesimama mlangoni mwa upepo.

Kama ni pasafi, geukia klachi ya feni. Klachi ya kawaida ina mafuta mazito ya silikoni ndani, na mbele yake kuna springi ya metali mbili inayohisi joto la hewa itokayo kwenye rejeta. Hewa ikipata moto, springi inafungua njia, mafuta yanaingia kazini, feni inashikana na pampu na kuanza kunguruma. Asubuhi ukiwasha gari lililolala, feni ikivuma kwa muda mfupi kisha ikanyamaza, hiyo ni afya. Injini ikiwa ya moto sana na feni ikabaki kimya, huo ndio ugonjwa. Zima injini ikiwa ya moto, subiri feni isimame kabisa, kisha izungushe kwa mkono. Nzima inakataa, inasimama papo hapo. Iliyokufa inaendelea kuzunguka kwa raha. Mistari ya mafuta yenye vumbi inayotoka katikati ya klachi kwenda nje inaonyesha silikoni imevuja. Kuna na jaribio la karatasi: injini ya moto ikinguruma bila kukanyagwa, weka karatasi ngumu mbele ya grili. Feni yenye nguvu inaivuta ikabaki imeganda pale. Mbele ya grili, narudia, kamwe si upande wa feni.

Feni ya umeme ina orodha yake fupi: fyuzi, rilei, sensa, plagi ya waya iliyoungua, na kosa moja la kuchekesha ambalo si adimu, nyaya zimefungwa kinyume na feni inapuliza mbele. Polepole inapigana na hewa inayojaribu kuingia. Karatasi ile ile itakuambia.

Kava linalozunguka feni watu hulidharau, hasa likivunjika baada ya gari kuruka bonde na likatolewa "kwa muda". Bila kava, feni inazungusha hewa ile ile pembeni ya ncha zake na kuacha kona za rejeta bila upepo. Gari likirudi kuchemsha baada ya kava kutolewa, usitafute mbali.

Kuna na mtindo wa kuinua boneti upande wa kioo kwa kuweka washa (pete bapa za chuma) chini ya bawaba, ili joto litoke. Ukiwa umesimama unasaidia kidogo. Ukiwa kasi, chini ya kioo cha mbele kuna presha kubwa ya hewa, kwa hiyo hewa inaingia badala ya kutoka na inaizuia ile ya rejeta isipite. Matundu katikati ya boneti ni habari nyingine.

Themostati au pampu?

Kwa mguso wa mkono, hawa hutenganishwa mapema. Washa injini baridi. Mpira wa juu na wa chini wote ni baridi mwanzoni. Joto la skana likifika kiwango kilichoandikwa kwenye themostati, mara nyingi 82 au 88, upande wa rejeta unapaswa kupata moto ghafla, na ndani ya nyuzi kama kumi hivi zaidi themostati iwe wazi yote. Skana ikisema 100 na rejeta bado baridi, themostati imekwama imefungwa, au kuna puto la hewa limekaa mbele yake. Mpira ukianza kupata uvuguvugu tangu sekunde za mwanzo, themostati imekwama wazi.

Pampu huonekana kwa tundu dogo chini ya shafti yake. Likichuruzika, sili imekufa. Shika feni uitikise; ikichezacheza, bearingi inaisha, na ikikatika feni inaweza kuingia kwenye rejeta. Ubovu mgumu zaidi ni ule usioonekana: mapanga ya ndani yameliwa na kutu, au panga la plastiki linateleza kwenye shafti. Hapo pampu inazunguka vizuri, haivuji, na maji hayaendi. Hita ya ndani ya gari ndiyo shahidi. Injini ikiwa ya moto, fungua hita hadi mwisho. Ikitoa hewa ya moto, maji yanazunguka angalau hadi hapo. Ikitoa hewa baridi wakati mshale uko juu, maji hayafiki: yamepungua, kuna hewa, au pampu haisukumi. Kwa bei ya kugeuza kitufe, sijui kipimo kingine kinachosema mengi kiasi hicho. Halafu hita ni rejeta ndogo ya pili, inaweza kukutoa mlimani.

Sasa suala la kung'oa themostati, dawa inayopendwa na mafundi wengi. Linganisha matokeo kwa aina mbili za injini. Kwenye injini ambazo themostati ni mlango mmoja tu, kuitoa kunafanya injini ikae baridi mno: mafuta yanaliwa zaidi, oili haipati moto wa kutosha kufukuza maji, silinda zinasagika mapema. Kwenye injini ambazo themostati ina sahani ya pili chini, sahani hiyo hufunga njia ya mkato pale mlango mkuu unapofunguka. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi kuliko mwanzo. Kwa hiyo "nimeshatoa themostati, bado linachemsha" haithibitishi kwamba themostati haikuwa na kosa. Weka mpya yenye joto sahihi, kitundu chake kidogo cha kutolea hewa kikiwa juu, ndipo uendelee kuchunguza. Kuipima ya zamani kwa kuitundika kwenye sufuria ya maji yanayochemka pamoja na kipimajoto ni kazi ya nusu saa.

Mfuniko wa rejeta au gasketi ya hedi?

Hapa ndipo pesa zinapopotea. Kipuri cha bei ya chini kuliko vyote na kazi ya bei ya juu kuliko zote vina dalili moja inayofanana: maji yanasukumwa kwenye chupa ya akiba, yanamwagika, mfumo unapungua bila kuonekana tone chini.

Elewa kwanza kazi ya mfuniko. Maji ya kawaida usawa wa bahari yanachemka nyuzi 100. Mfuniko unaoshikilia presha ya bar 1.1 unayapeleka hadi karibu 121, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu na kulanti (dawa ya kupozea injini) unapanda zaidi ya hapo. Sasa panda mlima. Kila mita 300, kiwango cha kuchemka kinashuka kwa takriban nyuzi moja. Kwenye mita 3,000 maji yasiyo na presha yanachemka karibu 90. Themostati ya 88 ndiyo kwanza inafunguka. Gari lenye mfuniko uliochoka linaweza kumwaga maji juu mlimani wakati injini yenyewe haijazidi joto hata kidogo. Springi imelegea, mpira umepasuka, basi. Fundi asiyejua hili atafungua hedi.

Utofautishe kwa mipira. Mfuniko ukiwa mbovu, injini ikiwa ya moto mpira wa juu ni laini, unabonyea kirahisi, kwa kuwa presha haishikwi. Gasketi ikipitisha gesi ya silinda, mpira unakuwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili tangu kuwasha injini baridi, kabla maji hayajapata moto wa kutanuka. Na asubuhi, gari limelala usiku kucha, mpira bado una presha. Maji baridi hayatengenezi presha yenyewe. Kuna kitu kimeiingiza. Mfuniko una valvu ya pili ya kurudisha maji kutoka kwenye chupa; ikikwama, utakuta mpira umesinyaa injini ikishapoa. Hiyo nayo ni ya mfuniko.

Dalili nyingine za gasketi: mapovu yasiyoisha kwenye shingo ya rejeta injini ikiwashwa baridi bila mfuniko, moshi mweupe wenye harufu tamu usiokoma hata injini ikipata moto, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, silinda moja inayokosa moto sekunde za mwanzo za asubuhi. Tahadhari mbili. Ute mweupe chini ya kifuniko cha oili pekee unaweza kuwa unyevu wa safari fupi fupi tu. Na gari lililovuka mto kwa kina linaweza kupata maji kwenye oili kupitia njia za kupumulia, bila gasketi kuhusika.

Yapo pia maji yanayopotea kwa njia ya tatu. Kwenye gari la otomatiki, oili ya gia mara nyingi hupozwa ndani ya tanki la rejeta. Ukuta huo ukitoboka, maji na oili ya gia vinachanganyika, na oili inakuwa ya pinki yenye povu. Usiendeshe gari hilo hata hatua moja zaidi. Sahani za gia boksi hazivumilii maji. Otomatiki inachangia joto hata ikiwa nzima: mchangani toki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi) inateleza sana, na joto lake lote linaingia kwenye rejeta ile ile. Gari linalochemsha mchangani tu, kila kitu kingine kikiwa sawa, huenda linahitaji kipozaji cha nje cha oili ya gia badala ya rejeta kubwa.

Vipimo vyenyewe, ubavu kwa ubavu

| Kipimo | Kinachoonyesha vizuri | Kinachokosa |
|---|---|---|
| Pampu ya presha (injini baridi) | Mipira, vibanio, rejeta, sili ya pampu, rejeta ya hita, na mfuniko kwa adapta yake | Gasketi inayofunguka injini ikibebeshwa mzigo tu |
| Dawa ya bluu ya kunusa gesi | Gesi ya silinda ndani ya maji | Ufa mdogo usiotoa gesi wakati huo; kwenye dizeli ni dhaifu zaidi |
| Kupima kompresheni | Silinda mbili jirani zinazopitishiana | Upenyo mdogo kwenda kwenye maji |
| Kujaza silinda hewa ya kompresa | Silinda gani hasa inavuja, na inavujia wapi | Hakuna kikubwa, ila ni kazi ya muda na ufundi |
| Kipimajoto cha bunduki | Mirija iliyoziba ndani ya rejeta | Hudanganya kwenye alumini inayong'aa |

Pampu ya presha ningeifanya ya kwanza kati ya hizi. Unapampu hadi namba iliyoandikwa kwenye mfuniko, usizidishe, unaacha robo saa. Mshale ukishuka na chini kuna tone, umemaliza. Ukishuka na hakuna tone popote, chungulia zulia la abiria kwa ajili ya hita, kisha toa plagi au nozeli na uangalie kama kuna silinda yenye unyevu. Uiache usiku kucha ikiwezekana. Uvujaji mwingine hujitokeza chuma kikiwa baridi na kimesinyaa.

Dawa ya bluu hubadilika kuwa njano ikikutana na kaboni dayoksaidi juu ya maji ya rejeta. Ikigeuka, amini, mradi hukuivuta ikagusa kulanti yenyewe. Isipogeuka, usitangaze ushindi. Kuna gasketi zinazofunga vizuri injini ikinguruma tu na kufunguka ukivuta trela mlimani, na injini ya dizeli ikiwa haina mzigo hutoa kaboni dayoksaidi kidogo. Endesha gari kwa mzigo kwanza, lisubiri lipoe kiasi cha kufungua mfuniko kwa usalama, halafu pima. Jibu likiwa bado lina utata, lipa fundi ajaze silinda hewa moja moja, pistoni ikiwa juu, huku unatazama shingo ya rejeta. Silinda yenye upenyo itatoa mapovu. Sipendi hedi ifunguliwe kabla ya hatua hii, isipokuwa oili imeshakuwa maziwa na hakuna cha kubishania.

Kipimajoto cha bunduki watu hukinunua na kukitumia vibaya. Kinaaminika kwenye kitu cheusi kisichong'aa: mpira, plastiki, rangi nyeusi. Kwenye alumini tupu kinasoma chini ya ukweli, kwa hiyo bandika kipande cha tepu nyeusi na upime hapo. Pita juu ya uso wa rejeta ikiwa ya moto: joto linapaswa kupungua taratibu kutoka maji yanapoingia hadi yanapotoka. Doa baridi katikati ni mirija iliyoziba. Pima na mipira miwili. Tofauti ikiwa ndogo sana huku gari linachemsha, hewa haichukui joto: rudi kwenye feni. Tofauti ikiwa kubwa kupita kawaida, maji yanakwenda polepole mno: rudi kwenye pampu, themostati au mirija.

Ukishajua: feni ipi, rejeta ipi?

Feni ya klachi ikiwa nzima na kava lake likiwa zima, inavuta hewa nyingi kuliko feni nyingi za umeme zinazouzwa kama maboresho, na haina waya wa kuungua ukiwa mbali na watu. Udhaifu wake ni maji ya kina. Ukivuka mto ikiwa imeshikana, mapanga yanagonga maji, yanapinda kwenda mbele na yanaweza kuikata rejeta. Feni ya umeme unaizima kwa swichi kabla ya kuingia, na inaendelea kupuliza kwa nguvu ile ile hata injini ikizunguka polepole kwenye miamba. Kwa anayevuka maji kila mara au anayepanda miamba kwa mwendo wa kobe, umeme una hoja, mradi waya, rilei na altaneta vinahimili. Kwa mchanga, mizigo na safari ndefu, ningebaki na klachi. Na kubadilisha klachi nzuri kwa feni ya umeme ili kutibu rejeta iliyoziba ni kununua ugonjwa wa pili.

Rejeta ya shaba na brasi ni nzito, lakini inachomeka kwa risasi na fundi wa kawaida akairudisha barabarani siku hiyo hiyo. Ya alumini yenye matanki ya plastiki ni nyepesi na inapoza vizuri, ila mtikisiko wa njia mbovu huishambulia pale plastiki inapobanwa na alumini, na ikipasuka hapo ni ya kubadilisha. Ya alumini iliyochomelewa yote ina nguvu ya kupoza na haina plastiki, lakini ni ngumu isiyopinda: ikifungwa moja kwa moja kwenye fremu inayojikunja, inapasuka kwenye welding. Ifungwe kwenye raba. Shaba inapitisha joto kuliko alumini, hilo ni kweli, ila mirija ya alumini huweza kufanywa mipana zaidi, na ndiyo sababu ushindani kati yao unategemea ujenzi wa rejeta yenyewe kuliko jina la chuma. Mbali na karakana ningechagua shaba. Karibu nayo, alumini.

Vyovyote utakavyofunga, jaza gari likiwa limeinua pua mlimani, hita ikiwa wazi, mfuniko umetolewa, injini ikinguruma hadi themostati ifunguke na mapovu yakome. Funga mfuniko, endesha, liache lipoe kabisa, kisha angalia tena kiwango kwenye rejeta yenyewe, maana chupa ya akiba inaweza kuonyesha imejaa huku rejeta ina nafasi ya lita nzima.